Mali ya Kubebeka

Ushauri huu umezunguka hadi umechakaa: ukitaka Kiingereza kizito, soma riwaya za zamani. Mwalimu wa sekondari aliutoa, mjomba anayefanya kazi benki akaurudia, na siku hizi kuna vijana wanaouza ushauri uo huo kwa video fupi za simu. Chukua Dickens, wanakwambia. Chukua daftari na kalamu. Kila neno usilolijua liandike, litafute kwenye kamusi, litumie mara tatu kabla ya kulala, na baada ya miezi michache utaingia kwenye intavyu ukiongea kama wakili.

Unafanya kazi, tusidanganyane. Nilisoma Great Expectations hivyo hivyo, kwenye simu, matatu ikiwa imekwama Globe. Dickens alikufa mwaka wa 1870, kwa hivyo hakuna wa kudai hela za hakimiliki, na Project Gutenberg inakupa sura zote 59 bure. Neno unalokutana nalo ndani ya hadithi hukaa kichwani kuliko lile la kwenye orodha, kwa sababu lina mtu, lina mahali, lina hali ya hewa. Chukua ague. Kamusi itakwambia ni homa ya kutetemeka na kuishia hapo. Kitabuni, mtoto anayeitwa Pip anamkuta mfungwa aliyetoroka, amelowa na anatetemeka kwenye vinamasi vya Kent, na anamwambia anadhani ameshikwa na ague. Ni malaria hiyo, au binamu yake. Vinamasi vya Kent vilikuwa na malaria kwelikweli hadi karne ya 19. Mtu aliyekulia Ahero au Budalang'i analielewa neno hilo kwa mifupa, pengine kuliko mwanafunzi wa London wa leo.

Kwa hivyo daftari sina ugomvi nalo. Ninachouliza ni kitu kingine. Neno zito ukishalichota kwenye riwaya, umechota nini hasa? Na ukirudi nalo nyumbani, linamfanyia nini yule asiyekuwa nalo?

Nimeichagua Great Expectations makusudi kwa sababu swali hilo liko ndani yake tayari. Pip ni yatima. Analelewa na dada yake mkali na mume wa dada, Joe Gargery, mhunzi mpole ambaye ukimpa karatasi iliyojaa maandishi anatambua herufi mbili tu, J na O, kwa kuwa ndizo zinazofanya jina lake. Baadaye pesa zinatoka kwa mtu asiyejulikana na Pip anapelekwa London kufanywa muungwana. Safari yote hiyo imejaa kusoma na kusoma vibaya. Hata mwanzoni kabisa tunamkuta mtoto makaburini, hajawahi kuwaona wazazi wake, anakisia sura ya babake kutokana na umbo la herufi zilizochongwa kwenye jiwe.

Neno la kwanza nililoandika mimi lilikuwa connubial. Kamusi: -a ndoa. Basi. Liko kwenye sura ya pili, ambapo Pip aliyekwisha kuwa mtu mzima anakumbuka jinsi dada yake alivyokuwa akimchapa kisha kumrusha kwa Joe, na anajiita kombora la ndoa. Unacheka. Halafu unajiuliza unacheka nini, kwa sababu aliyerushwa ni mtoto. Kile kineno chenye asili ya Kilatini kimesimama kati yako na kipigo kama pazia, na Dickens anajua kwamba unaona kivuli kikisonga nyuma yake. Katika sura hiyo hiyo majirani wanamsifu dada kwa kumlea Pip kwa mkono, usemi uliomaanisha mtoto aliyelishwa bila kunyonyeshwa. Pip, ambaye mkono huo anaujua kwa uzito wake, anauelewa usemi kivyake. Hakuna kamusi itakayokupa maana hiyo ya pili.

Sasa mtazame yule msomaji wa daftari. Ataandika connubial, -a ndoa, na Jumamosi atalitia kwenye hotuba ya harusi ya binamu yake huko Thika. Litakuwa sahihi kabisa, na wazee watapiga makofi. Lakini kile ambacho Dickens alilifanyia neno hilo, kulichukua kutoka juu kabisa na kulivisha jambo la chini kabisa ili uone pengo kati ya yanayosemwa kuhusu nyumba na yanayotendeka ndani yake, hicho kimebaki kitabuni. Kilichofika Thika ni ganda.

Na si Kiingereza pekee. Sisi tuliopitia shule za Kenya tuliwahi kuona Kiswahili kikifanyiwa hivyo hivyo. Insha zilianza na jua lililochomoza mashariki kwa madaha na ndege waliotumbuiza mitini, hata kama insha yenyewe ilihusu ajali ya barabarani. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka wa 1996, hadithi ya kijana anayetoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake, na wako wanafunzi waliotoka nayo na orodha ndefu ya misamiati wakamwacha Kongowea Mswahili njiani.

Lakini kubeba maganda si dhambi kubwa. Ni ubadhirifu tu. Kinachonisumbua kinaanzia kwenye karata.

Pip anaitwa kucheza kwenye jumba la Miss Havisham, tajiri aliyeachwa siku ya harusi na ambaye hajavua shela tangu hapo. Anacheza na Estella, msichana anayelelewa humo. Karata moja tu, ile yenye picha ya kijana: Pip anaiita jack. Wenye nafasi waliiita knave. Estella anamcheka kwa neno hilo, kisha anamcheka kwa mikono yake migumu na viatu vyake vizito. Dakika kumi kabla ya hapo Pip hakujua kwamba ana mikono migumu. Alikuwa na mikono tu. Anarudi nyumbani akitamani Joe angelelewa katika mazingira ya adabu zaidi, ili naye awe ameipata adabu hiyo kutoka kwake. Ona kasi yake: neno moja la karata asubuhi, na kufikia jioni ameshaanza kumwonea aibu mtu pekee aliyempenda.

Kuna kichekesho hapo ambacho Estella hakuweza kukijua. Nunua seti yoyote ya karata leo, pembeni imeandikwa J. Neno la kina Pip lilishinda, na lile la wakubwa sasa linahitaji maelezo. Hilo lingepaswa kumfariji kila aliyewahi kuchekwa kwa kushrub, kwa kutamka Kiingereza na ulimi wa lugha ya mama. Halimfariji, najua. Aibu haingoji historia imalize kazi yake. Mtoto anayechekwa darasani kwa sababu ya l na r hawezi kuambiwa ati baada ya miaka mia moja na hamsini mambo yatakuwa sawa.

Sisi tuliongezea kicheko hicho kiboko. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka wa 1986, jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyoadhibiwa wakipatikana wakiongea Kikuyu shuleni: viboko, au kibao cha kuvaa shingoni. Katika kurasa zile zile anataja kwamba alisoma Dickens shuleni, kwenye matoleo yaliyorahisishwa. Vilikuja kwenye gari moja, kitabu na kibao. Anayetuambia tusome riwaya za zamani kwa sababu ya msamiati huwa anashusha kitabu peke yake na kusema gari lilikuwa limebeba hicho tu.

Hata hivyo tusijifanye kwamba uzio huu ni wa Kiingereza pekee. Nimeandika hapo juu kwamba Pip alienda kufanywa muungwana, na neno hilo limepita bila kizuizi, sivyo? Leo muungwana ni mtu mwenye adabu. Zamani pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na mbali zaidi ya mtumwa alikuwepo yule wa bara aliyeitwa mshenzi. Adabu na nasaba zililala kitanda kimoja, kama zilivyolala kwenye gentleman ya kina Dickens. Na mpaka leo mtu wa Nakuru akifungua mdomo Mombasa anaweza kuulizwa, kwa tabasamu, hicho Kiswahili amekitoa wapi. Kila lugha yenye ngazi ina watu waliosimama juu yake wakiangalia nani anapanda.

Sasa nimtetee mpandaji. Kuna mhusika katika kitabu hicho anayeitwa Wemmick, karani wa wakili Jaggers, ambaye falsafa yake yote ni moja: jipatie mali ya kubebeka. Anavaa pete na vibanio kila mahali. Ukiniuliza, hakuna mali inayobebeka kama maneno. Mwenye nyumba akipiga kufuli mlango, unayo. Dalali akibeba sofa na televisheni, bado unayo. Dickens mwenyewe alilijua hilo. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 12, babake alifungwa katika jela ya wadeni ya Marshalsea, na mtoto akawa kibarua kwenye kiwanda cha rangi ya viatu, akifunika chupa na kubandika lebo. Baadaye alijifunza hati mkato, akawa mwandishi wa habari za bunge, kisha riwaya. Maneno yalimtoa. Na umma ulikuja kujua habari ya kiwanda baada ya kifo chake, rafiki yake John Forster alipoandika maisha yake. Mtu aliyepanda kwa ngazi hiyo na kuificha ndiye aliyeandika kuhusu Pip. Kwa hivyo msichana wa Kayole mwenye daftari, anayetaka maneno ili atoke, simcheki hata kidogo. Wanaomcheka mara nyingi walizaliwa ghorofa ya juu.

Lakini hebu ziangalie tena pete za Wemmick. Alipewa na wateja wa Jaggers waliokuwa wakingoja kunyongwa. Kila pambo mwilini mwake lina mwenyewe wa kwanza, na mwenyewe huyo hayupo.

Pip naye vivyo hivyo. Hapa natoboa siri ya kitabu; kama hujakisoma, pole, kimekuwepo tangu 1861. Muda wote Pip anaamini pesa zake zinatoka kwa Miss Havisham, mtu wa tabaka analolitamani. Zinatoka kwa Magwitch, yule mfungwa wa kinamasini, ambaye mtoto alimletea chakula na tupa ya kukatia pingu. Alikamatwa tena, akapelekwa Australia, akachunga kondoo, akatajirika, akatuma kila alichoweza ili yule mtoto asiwahi kufanya kazi ya mikono. Kisha anavunja sheria, anarudi Uingereza akijua adhabu yake ni kunyongwa, ili tu amwone muungwana wake.

Akifika, anaomba kitu cha ajabu. Anamwomba Pip amsomee kitabu cha lugha ya kigeni. Haelewi neno hata moja. Anasimama mbele ya moto akimtazama Pip kama mtu aliyeleta fahali wake kwenye maonyesho ya kilimo, na anafurahi. Pip anasoma huku nywele zikimsimama kwa karaha.

Eneo hilo silihitaji kulisafirisha mbali. Wageni wamekuja nyumbani, chai imemiminwa, na mama anamwita mtoto wa darasa la tatu kutoka chumbani: hebu ongea Kizungu wasikie. Mtoto anaongea. Shosho anacheka kwa raha, hajaelewa kitu, na hakutaka kuelewa. Mama amekuwa akiamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kununua viazi ili alipie shule ambako mtoto atajifunza kusema vitu ambavyo mama hawezi kuvirekebisha. Huko kutoelewa ndiyo risiti yake. Angeelewa, angehisi amepunjwa.

Ndiyo maana majibu mepesi hayanitoshi. Jibu la kwanza jepesi linasema usijivune, ongea kawaida na watu wa kwenu. Lakini Magwitch hakulipia unyenyekevu. Alilipia ukuta, na alitaka auone ukiwa mrefu. Methali inasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguo za Pip hazikuwa za kuazima, zililipiwa shilingi kwa shilingi na mtu aliyeomba kusimama nje ya uzio na kushangilia. Nani hapo amemkosea nani? Naona wote wawili wameingia mkataba ambao mmoja wao, Pip, hakuwahi kuonyeshwa. Na mtoto wa chai yetu yuko hivyo hivyo. Hakuchagua kuwa fahali wa maonyesho. Akifika miaka ishirini ndipo anagundua kwamba kila neno zuri kinywani mwake limenunuliwa kwa viazi, na kwamba aliyenunua amebaki upande wa pili.

Jibu la pili jepesi ni baya zaidi kwa sababu linafanana na upole. Msee amesoma, akirudi nyumbani anayaacha maneno yake kwenye begi. Mama akiuliza daktari alisema nini, anajibu: amesema utapona, usijali. Amemrahisishia. Ameamua kwa niaba yake kiasi cha ukweli anachoweza kubeba. Estella angalau alimdharau Pip usoni.

Deni, kwa maoni yangu, liko palepale penye risiti: katika kile ambacho aliyelipa hakielewi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi zote mbili. Haya, nenda ukanunue ploti. Mkataba utakaowekwa mezani, uwezekano mkubwa, ni wa Kiingereza, na Kiingereza chake si cha runinga. Kutakuwa na encumbrance, yaani deni au dai la mtu mwingine lililokalia shamba unalouziwa. Kutakuwa na forfeit, maana yake ukichelewa kulipa, deposit imekwenda. Mzee ameshika kalamu, mawakala wanatabasamu, na kuna mtu mmoja upande wake wa meza anayeyajua maneno hayo. Anaweza kunyamaza. Anaweza kuyatamka vizuri ili mawakala wajue naye amesoma. Au anaweza kusema, mzee, weka kalamu chini kwanza, nikueleze mstari huu, kisha auchambue kwa lugha ya mzee bila kupunguza hata uzito wa kilo moja, ikibidi mpaka jioni. Hiyo ya tatu ni kazi ngumu. Inahitaji ulijue neno mara mbili: huko linakotoka na huku unakolileta. Daftari la connubial, -a ndoa halitakufikisha hapo, kwa sababu limekuzoesha kubeba maneno yakiwa matupu.

Riwaya inawaweka mbele yetu watu wawili wenye maneno. Mmoja ni Jaggers, wakili ambaye hata mezani anahoji watu kama mashahidi, na ambaye akimalizana na mteja huosha mikono kwa sabuni yenye harufu nzuri. Maskini wa London wanamngoja mlangoni kama mtu anayengoja mvua. Anawaokoa wengi wao, sikatai, ila hakuna anayetoka kwake akielewa zaidi ya alivyoingia. Mwingine ni Biddy, msichana wa kijijini, yatima kama Pip, anayejua kila kitu ambacho Pip anajifunza kwa pesa na jasho. Pip anapomuuliza anawezaje, anajibu kana kwamba ni kikohozi tu kilichomwambukiza. Wasomaji wengi humpita haraka kwa sababu hana jumba wala shela iliyooza. Mimi naona ndiye msomi wa kitabu.

Joe alienda London mara moja kumtembelea Pip. Akamwita bwana, akashindwa kujua aiweke wapi kofia yake, akaiweka ukingoni juu ya meko na ikawa inaanguka kila mara, mpaka mwenyewe akaona hapo si mahali pake akaaga. Hilo ndilo eneo linalofundishwa, na ni zuri. Lakini kuna lingine, sura ya 57. Pip amefilisika, anaumwa, na Joe amekuja kumuuguza. Siku moja Joe anaketi kuandika barua. Anakunja mikono ya shati kana kwamba anataka kushika nyundo, anaichagua kalamu kama anayechagua chombo kizito cha kazi, anaenda nayo polepole, wino unadondoka, anaufuta kwa vidole. Akimaliza, anainuka na kuizunguka meza akiitazama kazi yake kutoka pande mbalimbali.

Biddy ndiye aliyemfundisha. Pip analitambua hilo akiwa kitandani, na Dickens hajatupa zaidi. Masomo yenyewe hayamo kitabuni: jioni ngapi, slate gani, Joe alitaka neno lipi la kwanza baada ya jina lake, Biddy alimweleza vipi asichokielewa bila kumfanya ajione mjinga. Sura 59, na hiyo haikuandikwa. Ningeisoma kabla ya zote.